Chungu cha Kwanza Kutoka Shimo la Nangasu

Hapo zamani, sufuria zilipokuwa bado hazijapanda mlima wetu, kila kilicholiwa kilipikwa chunguni, na kila chungu kilitoka mikononi mwa mwanamke. Msiniulize ulikuwa mwaka gani. Ilikuwa zamani, basi. Sogeeni, mkae vizuri, maana mwishoni nitauliza swali, na atakayekuwa anasinzia nitaanza naye.

Palikuwa na mwanamke jina lake Nangasu. Alikuwa mjane. Mumewe, Mrutu, alimwachia binti wawili, nyumba moja, na kiwanja kwenye mteremko chenye shimo la udongo. Na udongo wenyewe haukuwa wa mchezo. Ulikuwa mwekundu, laini, wenye chembe zinazometameta, na mlima mzima haukuwa na mwingine kama huo. Wanawake arobaini walichimba hapo kwa zamu, wakafinyanga, wakachoma, wakateremsha vyungu gulioni bondeni, wakarudi na mahindi na chumvi na nguo za watoto. Mwanamke aliyekuwa na zamu pale shimoni hakumwomba mumewe chumvi. Nyinyi mnaotabasamu hapo mbele mnajua nasema nini.

Sasa Nangasu alikuwa na shemeji, Kajiru, mdogo wa marehemu. Kajiru alipenda dengelua, ile pombe ya miwa. Hakupenda kuinywa tu, alipenda kuwa na mitungi ya kuwanywesha wenzake wamsifu. Akakitazama kiwanja cha shemeji yake, akaona kina unyevu, akaona miwa. Hata mwaka haujatimia tangu wamzike Mrutu, Kajiru akaenda asubuhi moja akang'oa masale, ile mimea tunayopanda mpakani, akayatupa njiani kama magugu.

"Shemeji," akamwambia Nangasu, "huna mtoto wa kiume. Kiwanja kinarudi kwenye ukoo. Nawe rudi kwenu, kwenu hawajafa wote."

Nangasu akajibu, "Shemeji, shimo la udongo ni la wanawake. Mwanamke humkabidhi mwanamke, na mwenye shimo ndiye mwenye kiwanja. Mama mkwe alinikabidhi mimi."

"Hayo ni kweli kwa shimo lililochimbwa na wanawake," akasema Kajiru. "Hili alilichimba baba yangu, achukue udongo wa kukandika nyumba. Shimo la mwanamume ni la ukoo."

Wakafika mbele ya baraza. Wazee wakauliza nani aliyeliona shimo likianza. Wote walioliona walikwisha kufa, isipokuwa mmoja, bibi kizee mfinyanzi aitwaye Naghenjwa. Naghenjwa akasema shimo lilianzishwa na Bibi Nambike, yaani bibi mzaa baba wa Kajiru mwenyewe. Wazee wakakohoa, wakatazamana. Kisha mzee wa baraza akasema, "Mdomo mmoja hautoshi. Tunawapa muda wa magulio mawili, na shimo lifungwe mpaka hapo. Leteni kitu kisichoweza kusema uongo. Msipoleta, Kajiru apande miwa yake."

Nangasu alilia njia nzima. Aliogopa, na mimi simlaumu. Mwanamke anayeambiwa arudi kwao akiwa na binti wawili, anarudi akiwa nani? Akaenda moja kwa moja kwa Naghenjwa, akaketi mlangoni bila kupiga hodi.

Naghenjwa alikuwa anakula ugali kwenye kigae, maana mfinyanzi hulia gaeni. Akamwacha alie mpaka amalize. Kisha akasema, "Umemaliza? Sasa sikiliza. Bibi Nambike alinifundisha kufinyanga nikiwa bibi harusi. Kila chungu chake alikitia alama chini kwa ukucha, mguu wa kuku, vidole vitatu. Na mabinti wa mlima huu walipoolewa mbali waliondoka na vyungu vyake. Vipo. Viko kwenye majiko ya watu. Chungu hakisemi uongo."

"Vijiji vyote hivyo nitavimaliza lini, bibi?"

"Wewe peke yako, kamwe. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Naghenjwa akainuka, akaenda akachukua pembe ya msaragambo, ile inayopigwa watu waje kwenye kazi ya pamoja. Pembe ile siku zote ilipigwa na wanaume. Bibi kizee akaipiga. Na wanawake wakaja, wakaja wengi, wakaja na majembe. Walidhani kuna shamba la kulima. Wakasimama pale uani wanaulizana, tunalima wapi, na Naghenjwa akawaambia wayaweke chini majembe, leo kazi ni ya kusema.

Basi palikuwa na makundi matatu, na nawaambieni ukweli, hayakupendana. Wafinyanzi walisema wachuuzi wa bondeni huwapunja. Wachuuzi walisema wafinyanzi huwauzia vyungu vyenye ufa. Na wake wa ukoo wa Kajiru walilalamika kwamba wafinyanzi wanabania udongo. Walianza kwa kurushiana maneno mpaka jua likawa utosini. Ndipo Nangasu akasema jambo moja tu.

"Miwa ikipandwa, mfinyanzi atafinyanga nini? Mchuuzi atauza nini? Na wewe mke wa ukoo, leo ni mimi, kesho mumeo akifa ni wewe."

Wakasogeleana. Wakagawana kazi. Wafinyanzi wangeitambua alama. Wachuuzi wangevitafuta vyungu. Wake wa ukoo hawakupewa kazi, kwa sababu hakuna aliyewaamini. Mmoja wao alikuwa Naetwe, mke wa Kajiru. Alikuwa ameketi pembeni, kichwa chini. Naye alikuwepo asubuhi ile masale yalipong'olewa. Aliona, akaingia ndani, akafunga mlango.

Aliyejitwika kazi ya kutafuta alikuwa mchuuzi mmoja wa bondeni, Mwantumu. Huyu hakuwa wa mlima wetu hata kidogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa haraka na maneno ya haraka zaidi. Akatembea vijiji tisa. Kila mlango alipiga hodi, kila mlango aliuliza, "Mama, humu kuna chungu cha zamani chenye kumetameta, kilichotoka mlimani?" Wengine walimkaribisha uji, wengine walimfungulia mbwa. Akapata vyungu saba. Na kila mwenye chungu, Mwantumu alimwambia maneno yaleyale, "Siku ya baraza njoo mwenyewe ukichukue, ujionee kimefanya kazi gani." Akavibeba, akapanda navyo mlima, miguu imevimba.

Magulio mawili yakaisha. Siku moja kabla ya baraza Mwantumu akavitazama vyungu vyake saba, akaona aibu. Vilikuwa vimejaa masizi ya miaka na miaka. Ni nani mchuuzi apangaye mbele ya watu chungu chenye masizi? Akavipeleka mtoni. Akachukua mchanga, akachukua majivu, akasugua. Alisugua kama mke anayemngoja mama mkwe. Chungu cha kwanza akasugua, kikang'aa. Cha pili akasugua, kikang'aa. Cha tatu, cha nne, mpaka cha saba. Akavipanga juani, akavifurahia.

Naghenjwa akaja na wenzake kuvitazama. Akakipindua cha kwanza. Laini. Akakipindua cha pili. Laini. Akavipindua vyote saba, na chini ya vyote saba hapakuwa na kidole hata kimoja cha kuku. Alama ya ukucha si shimo la mkuki. Vyungu vya zamani ni vya moto mdogo, ukivisugua kwa mchanga vinatoka unga.

"Umesugua?" Naghenjwa akauliza.

"Nimesugua, bibi."

"Na mchanga?"

"Na mchanga."

Naghenjwa akaketi chini. Mwantumu alipoelewa alichokifanya, akajifunika uso kwa kanga yake. Hakuna aliyemtukana. Maji yakimwagika hayazoleki, na yule mwanamke vidole vilikuwa vinamtoka damu kwa kusugua.

Kesho yake wakaenda barazani na vyungu saba visivyosema kitu. Lakini njiani waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Wanawake walikuwa wanapanda mlima. Walitoka kijiji cha kwanza na cha pili na mpaka cha tisa, wenye vyungu na mabinti zao na wakwe zao na majirani. Waliambiwa njooni mchukue vyungu, wakaja. Uwanja wa baraza ukajaa, wakaketi juu ya majani, wakakunja miguu.

Kajiru, aliyekwisha kusikia habari ya alama, akavipindua vyungu mwenyewe, kimoja kimoja, akicheka. "Wazee, mguu wa kuku uko wapi? Au kuku wenyewe wametoroka?" Na baadhi ya wazee wakacheka naye.

Ndipo Naghenjwa akasimama. Akachukua chungu alichokifinyanga mwenyewe, akakiinua juu ya kichwa. Akaapa kiapo cha wafinyanzi, ambacho hakiapwi ovyo. Akasema, "Kama Bibi Nambike hakulianzisha shimo lile, kila nitakachokifinyanga kuanzia leo kipasuke motoni, mpaka nife na njaa." Akakiachia chungu kikavunjika.

Wazee hawakucheka tena. Mzee wa baraza akavitazama vigae, akawatazama wale wanawake wote waliokaa kimya. Alitaka kuamua, na aliogopa kuamua. Akasema, "Tupumzike kidogo. Tuvute tumbaku."

Katika kupumzika huko, Naetwe, mke wa Kajiru, akainuka akaenda kwake. Hakuna aliyemjali. Aliporudi alikuwa amekumbatia chungu. Na watu wakaanza kucheka chini kwa chini, kwa sababu vyungu vya Naetwe vilijulikana mlima mzima. Hakuwa mtu wa kusugua. Ndani alikosha, nje hakugusa. Majirani walimsengenya, mawifi walimwimbia nyimbo. Chungu kile kilikuwa na masizi unayoweza kuyabandua kama gome la mti. Kukileta mbele ya vijiji tisa ilikuwa ni kujivua nguo. Akakileta.

"Wazee wangu," akasema, "hiki ni chungu cha nyumba ya mume wangu. Kimekuwa humo kabla yangu na kabla ya mama mkwe. Muulizeni mwenyewe ni chungu gani."

Kajiru, kwa mazoea ya majigambo, akajibu kabla hajafikiri. "Nani asiyekijua? Ndicho kilichochemsha maji ya kumkogesha baba yangu siku aliyozaliwa." Maneno yakiwa bado mdomoni, uso ukambadilika. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini safari hii kilichomla ni ulimi wake.

Naghenjwa akaomba kipande cha mgomba. Akakamua maji yake kwenye masizi, akangoja yalainike, akaanza kupangusa kwa ncha ya kidole. Hakutumia mchanga, hakutumia jivu. Uwanja mzima ukasimama. Kikatokea kidole kimoja cha kuku. Akapangusa. Kikatokea cha pili. Akapangusa. Kikatokea cha tatu. Na udongo uliozunguka vidole hivyo ulikuwa unameta juani.

Mzee wa baraza akakishika chungu, akakitazama sana. Akasema, "Kajiru mwanangu, hebu nisaidie. Baba yako alilichimba shimo siku aliyozaliwa, au alilichimba siku moja kabla?"

Mlima ulicheka, jamani. Walicheka wazee, walicheka wanawake wa vijiji tisa. Inasemekana hata Kajiru mdomo ulimcheza. Na wazee wakaamua hapohapo kwamba shimo ni la wanawake, kiwanja ni cha Nangasu, na masale yarudishwe na mikono iliyoyang'oa.

Nangasu hakupiga kigelegele. Aliketi chini palepale, binti zake wakamkimbilia, akawashika mmoja huku na mmoja huku. Alikuwa analia na anacheka, akisema tu, "Hatuendi. Wanangu, hatuendi popote." Mtu aliyebeba mzigo siku nyingi, ukimtua anayumba kwanza.

Kajiru? Kajiru alimwambia mkewe aende kwao. Naetwe akaenda. Lisifike hata gulio la pili, Kajiru akamfuata na mbuzi wa kuombea radhi, kwa kuwa maharage hayajipiki, na wanaume wenzake walikuwa wanamuuliza kila siku habari za kuku. Akarudishiwa mke, na miwa akaipanda kwake, michache.

Mngependa niishie hapo. Mmetulia, mmefurahi, mnataka kwenda kulala. Bado.

Shimo likifungwa kwa ugomvi na kufunguliwa tena, wanawake wetu walikuwa na desturi yake. Udongo wa kwanza ulifinyangwa chungu kimoja. Chungu hicho hakikuuzwa wala hakikupikiwa. Mwenye shimo alimpa mwanamke mmoja, yule aliyefanya shimo lifunguliwe. Na aliyepewa alikuwa ndiye mama wa shimo. Yeye na binti zake baada yake walichimba siku yoyote bila kungoja zamu, na mahali pa ugomvi neno lake lilikuwa la mwisho. Mama wa shimo ni mmoja. Na mpaka chungu kipokelewe, hakuna jembe linaloingia shimoni.

Nangasu akafinyanga chungu, akakichoma, kikatoka kizima, chekundu, kinameta. Wanawake arobaini wakaja na vikapu vyao wakazunguka shimo. Mbele waliketi watatu.

Mwantumu akasema, kwa haraka yake ileile, "Nisemeni mnavyotaka, nilisugua. Nilikosa. Lakini vijiji tisa nilitembea kwa miguu hii, na wale wanawake wote walikuja kwa kuwa niliwaita mimi. Bila wao wazee wangevuta tumbaku? Wangeamua palepale, na Naetwe angekuta baraza limeisha. Nami sikuwa na ukoo hapa wala shamba hapa. Mngeshindwa, mimi ningeuza mikeka."

Wafinyanzi wakanong'ona. Mama wa shimo kutoka bondeni? Mchuuzi awe na neno la mwisho juu ya udongo wa mlima?

Naetwe akasema, "Chungu kilitoka jikoni kwangu. Nyinyi wote mlihatarisha usingizi, mimi nilihatarisha nyumba. Nilirudi kwetu watoto wakiniangalia. Na nilichekwa mbele ya vijiji tisa."

Mtu mmoja akamuuliza, "Na masale yalipong'olewa?"

"Nilifunga mlango," akasema Naetwe. "Najua. Ndiyo maana siku ile niliufungua."

Wanawake wakanong'ona tena. Alikuwa amesema kweli. Lakini Naetwe akipewa, baada yake ni binti zake, na binti zake ni binti za nani? Za Kajiru. Neno la shimo lingeingia nyumba ileile iliyotaka kulizika chini ya miwa.

Akabaki Naghenjwa. Nangasu akamsihi aseme. Bibi kizee akasema, "Niseme nini? Pembe niliipiga mimi. Alama niliijua mimi. Niliapa kwa mikono yangu, na mikono yangu ndiyo jiko na shamba na mume. Masizi yale angeyapangusa mwingine, angevifuta vidole vya kuku kama huyu alivyovifuta mtoni." Akamwelekezea Mwantumu kidevu, bila chuki. "Nakitaka chungu. Sijapewa kitu maisha yangu yote, siku zote mimi ndiye ninayewapa. Nakitaka."

Na hakuna aliyenong'ona. Lakini kila mmoja alijua kwamba Naghenjwa hakuwa na mtoto. Siku akizikwa, shimo lingebaki bila mama, na kina Kajiru hawakosekani duniani.

Kulikuwa na dada mmoja aliyesema chungu kivunjwe, kila mtu achukue kigae. Wakamtazama mpaka akaketi. Wewe pia uliyetaka kusema hivyo, kaa.

Nangasu akasimama na chungu mikononi. Alikuwa na furaha, na alikuwa na uzito kifuani. Aliwapenda wote watatu, na bila mmoja wao angekuwa kwao sasa, anaombea binti zake pa kulala. Makundi matatu yaliyokuwa hayapendani yalikuwa yameketi mkeka mmoja kwa ajili yake. Mawingu ya mvua yalikuwa yanajikusanya, na udongo ukishalowa hauchimbiki mpaka masika yapite. Akapiga hatua moja, wanawake arobaini wakashika vikapu vyao.

Aliyenisimulia mimi alinyamaza hapo, akawasha moto, akanitazama. Nami nanyamaza hapo, nawatazama.

Mwantumu aliyetembea na akasugua. Naetwe aliyefunga mlango na akaufungua. Naghenjwa aliyejua, akaapa, na hana wa kumrithi. Chungu ni kimoja. Je, nani alistahili? Na ukishampa, sema na hili pia: utawaambia nini wale wawili, mkiwa bado mmeketi mkeka mmoja?